Wasikilizaji Wangu Hawakuwamo Ukumbini

Barua ya wazi kwa viongozi wa chama changu, ambao mnajijua; kwa Msajili wa Vyama vya Siasa na Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi; na kwenu Waheshimiwa Wabunge mlioko Dodoma, kwa kuwa kalamu ya kurekebisha sheria mmeishika ninyi.

Asalaam aleikum, na habari za kazi.

Nilipata kura 17 katika kura za maoni za chama, nilipoomba kugombea ubunge. Naanza na hilo ili asije mtu akanitajia pembeni kama mwenye kufichua siri. Wajumbe walikuwa zaidi ya 400, watia nia tulikuwa 23, na mie, ambaye sauti yangu hata watoto wa madrasa wa Makorora wanaiigiza, nikaangukia nafasi ya tisa. Nilipompigia mke wangu kumpa habari aliuliza, "Mia ngapi na kumi na saba?" Alidhani mtandao umekata maneno.

Chama sikitaji. Jimbo silitaji zaidi ya kusema ni la mkoa huu wa Tanga, na mwaka naubakiza. Aliyeshinda ni mtu niliyemhoji studio mara nyingi, tunaheshimiana, wala sina ushahidi kwamba alimpa mjumbe hata chupa ya maji. Sikuja kumshtaki. Ingekuwa barua ya kulilia nafasi ningeiandika wiki ile ile, donge likiwa bado kooni. Nimengoja likashuka. Yaliyobaki ni mambo ambayo naamini mnayajua kuliko mimi, ila pengine hamjayasikia kwa mtu aliyepita humo ndani na ambaye riziki yake ni kusema.

Nimetangaza redio hapa mjini kwa miaka 18. Kipindi cha asubuhi, saa 12 hadi saa 3: magazeti kwanza, halafu simu. Wenzangu wa Dar es Salaam walikuwa wakinitania kwamba redio ya mkoani ni salamu na matangazo ya vifo. Kweli, salamu zipo na vifo vipo. Mtu akifiwa Pongwe anataka ndugu zake wa Pangani wapate habari kabla ya maziko ya saa 10. Lakini kati ya salamu na vifo ndimo shida za watu zinamopita. Mama wa Mabokweni anapiga kusema bomba limekauka, leo siku ya tano. Mvuvi wa Sahare anapiga, jina hataki litajwe, kusema jana usiku wamesikia tena mlio wa baruti baharini na asubuhi vimeelea visamaki vichanga. Mkulima wa Muheza anapiga msimu wa machungwa kusema lori halijaja, na chungwa halimngoji mtu. Abiria aliyekwama Bweni anapiga kusema kivuko hakivuki na mgonjwa wao amelala kwenye bajaji.

Hayo nilikuwa nikiyaandika kwenye kaunta buku. Ninazo saba. Ile ya mwisho jalada lake lina alama ya duara la kikombe, kwa sababu fundi mitambo wetu hajui mahali pengine pa kuweka chai yake. Kila ukurasa nimeupiga mistari ukawa na safu nne: tarehe, mtaa, shida, na ya mwisho nimeiandika "imeisha?" Safu hiyo ya mwisho ndiyo safi kuliko zote. Unaweza kufungua kurasa kumi mfululizo ukakuta alama tatu za vema.

Safu hiyo ndiyo iliyoniponza. Asubuhi moja baada ya kipindi nilishuka soko la samaki la Deep Sea kununua kitoweo. Kuna mzee pale muuza pweza, namfahamu kwa miaka. Alikuwa amempiga pweza wake juu ya jiwe mpaka amelainika, akaniangalia bila kuacha kazi. "Mtangazaji, kila siku watusemea. Wamsemea nani?" Nikamwambia, wahusika. "Na hao wahusika wakaa wapi?" Nilicheka kama tunavyocheka studio tunapoishiwa maneno. Njiani kurudi Chuda sikuwa nikicheka. Miaka 18 nilikuwa napeleka maneno ya watu mahali ambapo mwenyewe nisingeweza kukuonyesha mlango wake. Mwezi uliofuata nikachukua fomu.

Sikuwa wa kwanza katika kazi yetu. Benjamin Mkapa alikaa kwenye kiti cha uhariri, Uhuru na baadaye Daily News, kabla ya siasa kumpandisha hadi Ikulu mwaka 1995. Amina Chifupa alitoka kwenye maikrofoni akaingia Bungeni kwa viti maalumu mwaka 2005. Juma Nkamia alitangaza mpira kwanza, ubunge ukafuata. Saed Kubenea alitoka na gazeti lake akalichukua jimbo la Ubungo mwaka 2015, akaja kupoteza ubunge mwaka 2020. Basi nikajiona nami nimo katika foleni hiyo. Ujinga wangu wa kwanza ulikuwa huo, wa kuhesabu waliofika bila kuhesabu waliobaki njiani, maana waliobaki njiani hakuna anayewaandika.

Siku niliyochukua fomu, kituo kikaniondoa hewani. Hilo silalamiki. Huwezi kuomba kura huku umeshika maikrofoni ambayo wenzako 22 hawana. Nililalamikia mshahara, ambao nao ulitoka hewani siku hiyo hiyo.

Sasa nije kwenye usiku.

Waheshimiwa, kanuni za chama zilisema watia nia wasifanye kampeni kabla ya siku ya kikao. Kwa hiyo mchana tulikuwa hatufanyi. Tulikaa majumbani kama maharusi. Kuanzia baada ya sala ya isha ndipo pikipiki zinaanza kuwaka. Rafiki yangu aliyekuwa ameshazunguka kwenye uchaguzi mwingine alinipa orodha ya wajumbe, majina, simu, na kando ya majina mengine alama ya nyota. Nikamuuliza nyota ni nini. Akasema, "Hao ndio wenye watu nyuma yao. Ukiwa na nyota ishirini, una ukumbi."

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya mama wa makamo, mwenye nyota. Alinikaribisha barazani, kibatari kimewekwa juu ya kinu kwa sababu umeme ulikuwa umekatika, jiko la mkaa linaungua pembeni, maandazi yanachomwa ya kuuza asubuhi. Alifurahi kweli kuniona. Akawaita wajukuu: "Njooni mumuone mtu wa redioni, kumbe mfupi hivi!" Nikaeleza nia yangu, nikafungua kaunta buku, nikamsomea shida tatu za kata yake, zote akaziitikia kwa kichwa, mojawapo yeye mwenyewe ndiye aliyeipiga simu miaka miwili nyuma. Nilipoinuka kuaga akabaki ameketi. Akatabasamu. "Mwanangu," akasema, "mgeni njoo, mwenyeji apone."

Nikajifanya sikuelewa. Nikamwambia nikishinda kata nzima itapona. Akasema hayo ni ya mbele, yeye anazungumzia ya leo. Mafuta ya maandazi yamepanda, jana alipita mwenzangu mmoja, juzi wawili. Hakutaja kiasi wala hakuomba. Aliniachia mie nijiongeze. Nikasema, mama, hiyo ni rushwa, mie nimekuwa nikiipigia kelele redioni. Hapo ndipo akaniuliza swali ambalo wala halikuwa la ukali, alilisema huku anageuza maandazi: "Nyie mkienda kwenye mikutano yao ya waandishi, hampewi nauli?"

Nikameza mate.

Naomba nisimame hapa, hata kama barua ni yenu. Nimepokea bahasha. Sote tuliokaa katika kazi hii kwenye mikoa tunaijua: mkutano umekwisha, afisa uhusiano anabaki na karatasi ya mahudhurio, unaweka sahihi, unapewa "nauli" ambayo ingetosha kukufikisha Arusha ilhali umekuja kwa miguu kutoka barabara ya nane. Wengine tunaiita mshiko, wengine posho. Mara moja, na hii sijapata kuisema hewani, mwanasiasa mmoja alinipa bahasha nene kuliko kawaida, na kesho yake habari yake ikatangulia habari ya mlipuko wa kipindupindu. Hakuniambia nifanye hivyo. Nilijiongeza mwenyewe, kama yule mama alivyotaka nijiongeze. Kwa hiyo yanayofuata hapa chini kuhusu wajumbe myasome mkijua yameandikwa na mtu wa namna hiyo. Mie na yule mama tumenunuliwa kwenye duka moja, tofauti yetu ni kaunta.

Niliondoka pale bila kumpa kitu. Sidai sifa, sikuwa nacho. Akiba yangu ilikwisha kwenye mafuta ya pikipiki na kuchapisha picha.

Neno lenyewe, takrima, mnalijua historia yake kuliko mimi. Mwaka 2000 Bunge liliiingiza takrima katika sheria ya uchaguzi, kwamba ukarimu wa kimila si rushwa. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na wenzake wakaenda mahakamani, na mwaka 2006 Mahakama Kuu ikavifuta vifungu vile kwa kuwa vinagongana na Katiba: mwenye nacho angekuwa mkarimu kuliko asiye nacho, na usawa ungeishia hapo. Mwaka 2010 mkatunga Sheria ya Gharama za Uchaguzi. Kwa hiyo kwenye vitabu, takrima imekufa. Huku mitaani ilivua kanzu ikavaa shati. Siku hizi inaitwa vocha, inaitwa maji, sabuni, chai ya watoto, na majina yote hayo nimeyasikia katika wiki mbili.

Na jambo ambalo wengi hawalijui, hata mie nililijua baada ya kushindwa, ni kwamba Sheria ile ya 2010 haikuanzia kwenye kampeni za mabango. Imetaja mchakato wa uteuzi, yaani hizi hizi kura za maoni za ndani ya chama, na ikaorodhesha vitendo vilivyokatazwa humo. Msajili amepewa kazi ya kuisimamia. Basi tusiambiane tena kwamba yanayofanyika usiku kabla ya kikao ni mambo ya ndani ya familia. Familia hiyo ina sheria ya nchi mlangoni kwake.

Siku ya kikao ilikuwa Jumamosi. Ukumbi wa shule, feni mbili, moja inazunguka. Nje kulikuwa na watu wengi kuliko ndani: bodaboda, kina mama wauza samaki, vijana wa kahawa, na wengi wao, nasema bila kujipendekeza, walikuja kwa ajili yangu. Walinishangilia kama Coastal Union imerudi na kombe lake la 1988. Kijana mmoja alinipandisha begani. Nikatazama juu ya vichwa vile nikasema moyoni, imekwisha hii. Ni pale mlangoni, mlinzi aliponyoosha mkono kuwazuia na kuniachia mie peke yangu nipite, ndipo nilipoona hesabu ilivyokaa. Hakuna hata mmoja katika wale aliyekuwa mjumbe. Waliokuwa wanajua jina langu walibaki juani, na waliokuwa na kura walikuwa ndani wamekaa, wanajipepea na vipeperushi vyetu.

Kila mtia nia alipewa dakika tatu. Mwenyekiti wa kikao alikuwa na kengele ya shule. Zamu yangu ilipofika nikafungua kaunta buku. "Ndugu mtia nia," akasema, "hapa hatusomi. Omba kura ukae." Watu wakacheka, si kwa ubaya. Nikasoma mistari miwili kuhusu visima, kengele ikalia. Hakuna mjumbe aliyeruhusiwa kuuliza swali, na sikuona aliyelitaka. Nilipiga hesabu baadaye: watia nia 23 kwa dakika tatu tatu ni saa moja na dakika tisa. Mustakabali wa jimbo zima ulijadiliwa kwa muda unaopungua kipindi changu cha asubuhi, na ukitoa makofi na nyimbo hata saa haikufika.

Wakati wa kuhesabu, yule mama wa maandazi alinifuata nje. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili. "Sauti yako naipenda, wallahi redio yangu haizimwi," akasema. "Lakini sauti hailiwi." Sikumkasirikia hata kidogo. Mpaka leo nikipita kwake nanunua maandazi.

Nilipoanza kutoka ndani baada ya mwezi wa aibu, mzee mmoja jirani yangu, aliyefanya kazi mashamba ya mkonge tangu ujana, alinikuta kijiweni pa kahawa akanisimulia uchaguzi wa 1965. Alikuwa kijana wakati huo. Nchi ilikuwa ya chama kimoja, TANU kwa huku Bara, hivyo mtu angedhani hakukuwa na cha kuchagua. Lakini karibu kila jimbo liliwekewa wagombea wawili, mmoja amepewa alama ya jembe na mwingine ya nyumba, na hao wawili walisimama jukwaa moja, mbele ya watu wale wale, wakiulizwa maswali yale yale. Kampeni iliandaliwa na chama, mtu hakuruhusiwa kutumia fedha zake, na hotuba zilikuwa kwa Kiswahili tu, asije mtu akaomba kura kwa kilugha chao. Wananchi wote wakapiga kura. Mwaka ule Paul Bomani, Waziri wa Fedha, aliangushwa Mwanza. Waziri wa Fedha! Na Amir Jamal, mwenye asili ya Kiasia, akachaguliwa Morogoro kwa kura nyingi.

Siutamani mfumo wa chama kimoja, na mzee mwenyewe alikiri kwamba majina yalichujwa juu kabla ya kuwafikia wao. Ila niliondoka pale kijiweni nikiwa na fedheha ya namna nyingine. Miaka ile, kabla barabara nyingi hazijatiwa lami, kabla ya televisheni, mgombea alilazimika kuulizwa swali hadharani na mtu asiye na cheo. Mie na mitandao yetu yote nilizunguka wiki mbili usiku, nikazungumza dakika tatu mchana, na sikuulizwa swali hata moja isipokuwa lile la nauli.

Mtaniambia, kama chama hakikukutaka, ungeenda kwingine. Ningeenda wapi? Ibara ya 67 ya Katiba yetu inasema anayeomba ubunge awe raia aliyetimiza miaka 21, ajue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, na awe mwanachama aliyependekezwa na chama cha siasa. Yale ya mwanzo ninayo. Hilo la mwisho ndilo lililo mikononi mwa ukumbi wenye feni moja.

Na hili halikuanza na mie. Mchungaji Christopher Mtikila alilifungulia kesi mwanzoni mwa miaka ya 90, na mwezi Oktoba 1994 Jaji Kahwa Lugakingira wa Mahakama Kuu, kule Dodoma, akasema raia ana haki ya kugombea bila kupitia chama. Wino haujakauka, Bunge likabadili Katiba kuzuia jambo hilo. Mtikila akarudi mahakamani, Mahakama Kuu ikampa tena haki mwaka 2006. Serikali ikakata rufaa, na Juni 2010 Mahakama ya Rufani ikasema hilo ni suala la kisiasa, liamuliwe na Bunge. Mchungaji yule, ambaye kwa mengine mengi sikubaliani naye, hakuchoka: akaenda Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyo papa hapa kwetu Arusha, na tarehe 14 Juni 2013 ikaamua kwamba Tanzania imekiuka haki zake na ichukue hatua za kikatiba na kisheria kurekebisha. Rasimu ya Katiba ya Tume ya Jaji Warioba, mwaka huo huo, nayo ikamruhusu mgombea binafsi. Mtikila akafariki kwa ajali ya gari Oktoba 2015. Mwaka 2019 nchi ikaondoa tamko lililowaruhusu wananchi na asasi kwenda moja kwa moja kwenye mahakama ile. Na mlipotunga sheria mpya ya uchaguzi wa Rais, Wabunge na Madiwani mwaka 2024, mlango ule mmoja mkauacha mmoja.

Mahakama imewarudishia Bunge mpira tangu 2010. Umelala hapo katikati ya uwanja, na sisi huku majukwaani tumezeeka tunangoja mtu aupige, hata kama ni kuutoa nje.

Najua hoja ya upande wa pili, kwa sababu nimeiendesha mjadala redioni zaidi ya mara moja. Inasema mgombea binafsi atakuwa tajiri asiye na wa kumwajibisha, atakayenunua jimbo mchana kweupe. Huenda. Lakini tajiri huyo leo hahitaji kununua jimbo. Anahitaji nyota ishirini tu. Mkimlazimisha azungumze na watu elfu hamsini, angalau mfuko wake utachoka.

Hoja nyingine ni yangu mwenyewe na inaniuma zaidi: hata wangepiga kura wote waliokuwa nje, pengine ningeshindwa. Umaarufu wa redio ni kama harufu ya kahawa ya jioni pale barabara ya kumi na mbili, mtaa mzima unaisikia na kuifurahia, wanaotoa sarafu ni wachache. Wasikilizaji wangu wengine wangesema, huyu abaki redioni, akienda Dodoma nani atatupokelea simu? Ningekubali. Nakuapieni ningekubali na kulala usingizi. Ningekuwa nimekataliwa na watu niliokwenda kuwaomba.

Viongozi wa chama changu, kwenu sina maneno mengi kwa kuwa tutakutana kwenye vikao. Wanachama wa jimbo wapige kura wote, si wajumbe peke yao, na kabla ya hapo watia nia wasimamishwe mbele yao waulizwe maswali mpaka watu wachoke. Mkiona gharama ni kubwa, redio za mikoani zipo na nafasi ya asubuhi haijajaa. Ninyi mnasema mnaogopa mamluki watakuja kupiga kura zisizo zao. Daftari la wanachama mnalo, kadi mnazo, ada mnazikusanya kila mwaka bila kukosea jina.

Ofisi ya Msajili, naomba mje mapema. Mkija siku ya kampeni, pikipiki zimeshalala. Gharama za watia nia zibandikwe ukutani kabla ya kikao, kama matokeo ya mtihani wa darasa la saba, kila mtu asome za mwenzake. Zangu nitazibandika mwenyewe, na mtacheka.

Na Tume, ninyi kwa sasa mnapokea jina likiwa limeshafungwa kwenye karatasi na chama, kwa hiyo lawama ya usiku ule si yenu. Sheria ikibadilika mtakuwa na kazi ya kulipokea jina moja kwa moja kutoka kwa watu. Jiandaeni nayo.

Wenye vituo vya redio na magazeti nanyi nawachomeka hapa, ingawa barua haikuwaelekea. Mtangazaji akigombea, aondoke hewani kwa maandishi, ajue analipwa nini na anarudi lini. Na mlipeni mwandishi mshahara unaomfikisha mwisho wa mwezi. Yule mama aliniuliza swali lake akiwa hana haja ya kunitukana. Alikuwa anajua bei yangu.

Mie nimerudi kazini. Kipindi cha asubuhi nilikikuta kimeshapewa kijana, anakifanya vizuri, anacheka sana. Nimepewa cha usiku, saa 3 hadi saa 5, saa za walinzi, wavuvi wanaongoja maji yatoke, na wauguzi wa Bombo wa zamu ya usiku. Simu ni chache lakini ndefu. Kaunta buku ya nane nimeianza, safu zile zile nne.

Juzi akapiga mzee wa pweza. Hakunipa pole ya uchaguzi, alikwisha kunipa zamani kwa pweza wa bure. Aliuliza tu kama nimeshawapata wale wahusika. Nikamwambia ndiyo kwanza nawaandikia barua. "Wakaa wapi?" akauliza, kama mara ile. Safari hii nilikuwa na karatasi mbele yangu, nikamsomea hewani anwani zote zilizo juu ya ukurasa huu, moja baada ya moja, hadi Dodoma. Akanyamaza kidogo, nikasikia mawimbi kwenye simu yake.

"Haya," akasema. "Wakijibu, soma asubuhi. Usiku huu nalala."

Wenu,
Mtangazaji wa kura 17,
Chuda, Tanga